Bwana Sheshe, Aliyeipima Misuli ya Watoto Bila Kisu

Tarehe 30 Juni 1957 Bwana Sheshe Suleimani, dresa, yaani mfunga vidonda, wa hospitali yetu hapa Lushoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Siku hiyo atarudisha koti jeupe, funguo mbili za kabati la dawa, na nyundo ndogo ya kupimia magoti aliyokabidhiwa mwaka 1935, ambayo kichwa chake amekifanyia ukarabati mara nne kwa vipande vya tairi kuukuu la baiskeli. Mkeka anaopimia watoto ni wake mwenyewe, ataondoka nao.

Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, karani wa daftari la wagonjwa, niandike wasifu huu, na imesisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi, ila mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji, na mimi sina nia ya kutia maji hapa. Kazi kubwa ya Bwana Sheshe imekuwa kuwatambua watoto wenye ugonjwa wa misuli, ugonjwa ambao mpaka leo hauna dawa. Mmoja wa watoto hao alikuwa mwanangu Damiani. Anayetaka kucheka tu na asubiri ngoma, itaanza saa kumi.

Bwana Sheshe alizaliwa Mlalo, katika nyumba ya mkulima wa maharage aliyekuwa na watoto tisa na mashamba mawili yenye mteremko mkali. Alisoma chuo cha Kurani, kisha miaka minne ya shule ya Serikali, akaajiriwa Machi 1926 kuosha vidonda. Baadaye alifundishwa kuchoma sindano za ugonjwa wa buba, na kwa miaka kadhaa alizunguka milima hii kwa miguu, Mtae, Malindi, Bumbuli, sanduku la dawa begani. Watoto walimkimbia kwa sababu ya sindano. Anasema huko ndiko alikojifunza kuwatazama watoto wanavyokimbia.

Ni mtu mpole, lakini upole wake una miiba. Haji kazini amechelewa na hasikilizi sababu za aliyechelewa. Anakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari, na akikuona unatia vijiko vitatu hukutazama mpaka chai yenyewe inaingia uchungu. Katika miaka kumi na tisa niliyokaa naye meza moja hajapandisha sauti hata siku moja, jambo ambalo mimi binafsi nimeliona gumu kulisamehe.

Mwaka 1933, kabla sijafika hapa, Bi Mwamvita, mkulima wa mboga kutoka juu ya Soni, alimleta mwanawe Athumani wa miaka sita. Alieleza kwamba mtoto anaangukaanguka na mlima umemshinda. Bwana Sheshe alimtazama miguu akaona vigimbi vinene na vigumu. Wageni wetu wa kutoka Tanga na kwingineko wafahamu kwamba sisi watu wa milimani tunavipenda vigimbi. Mtoto mwenye vigimbi husifiwa barazani kwamba huyu atabeba mzigo mpaka Mombo na kurudi. Basi Bwana Sheshe naye akamsifu Athumani, akamwambia mama yake kwamba mtoto ni mzima, ila mvivu.

Mtoto mvivu dawa yake inajulikana. Mwalimu wa chuo alikuwa tayari anamchapa kwa kukosa adabu, kwa sababu mzee akiingia watoto wote husimama na kutoa shikamoo, na Athumani alikuwa wa mwisho kusimama, au alibaki chini. Sasa mwalimu alipata na kibali cha hospitali. Akachapwa mwaka mzima.

Vigimbi vile havikuwa nguvu. Katika ugonjwa huu misuli hufa kidogo kidogo, na mahali pake huingia mafuta na nyuzi ngumu, ndiyo maana mguu unanenepa huku unaishiwa nguvu. Daktari wa wakati ule hatimaye alishuku hivyo. Ili awe na hakika alimpeleka Athumani pwani, akatwe kipande cha nyama ya mguu kikachunguzwe. Kidonda kilitunga usaha. Mtoto alilazwa wiki saba, na mtoto wa ugonjwa huu akilala kitandani wiki saba, nguvu kidogo aliyobakiwa nayo humtoka na hairudi tena. Jibu likaja kwa barua: ni ugonjwa wa misuli, hakuna dawa.

Bwana Sheshe alikwenda Soni kulingoja lori, akambeba Athumani mgongoni kupanda naye nyumbani kwao. Bi Mwamvita aliwapokea mlangoni, akasema neno moja tu. "Nilikupa mtoto anayetembea, baba." Habari hii alinisimulia mwaka 1940, tunahesabu bandeji, na hajairudia tangu siku hiyo. Ninaiandika kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mpole kama huyu alikuja kuwa mkaidi.

Kuanzia hapo alikata shauri kwamba ugonjwa usioponyeka usimwibie mtoto hata siku moja ya kutembea kwa ajili ya kuujua jina. Kama hakuna dawa, alisema, basi kilichobaki cha kuokoa ni miguu inayotembea leo. Akaanza kujifunza kupima kwa macho na mikono. Daktari mmoja alimwachia kitabu chenye picha, muuguzi wetu Yunis akamsomea maneno ya Kiingereza, na mengine aliyapata kwa kukaa sokoni Jumapili akitazama watoto wa watu wanavyopanda ngazi za maduka.

Njia yake wengi mnaijua, maana mmepishana naye mlangoni. Mtoto aliketishwa kwenye mkeka pamoja na watoto wengine. Bwana Sheshe hakumwambia kwamba anapimwa. Alitoka nje, akakaa kidogo, akaingia tena kama mzee anayefika. Watoto wa huku hawahitaji kuambiwa. Wote huinuka. Mwenye misuli mizima hujikuta amesimama hata kabla hajajua amesimamaje. Mwenye ugonjwa hugeuka kwanza, akapiga magoti na viganja chini, akainua makalio, kisha akashika magoti na kupanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono, shika juu, shika juu, mpaka kiwiliwili kinyooke. Adabu ileile iliyomletea Athumani bakora ndiyo iliyokuwa kipimo.

Bwana Sheshe alihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, na hesabu hiyo nikaiandika. Baadaye alimwinua mtoto kwa kumshika makwapani, aone kama mabega yanateleza mikononi. Alibonyeza vigimbi. Aligonga magoti kwa nyundo yake. Alimtembeza kwenye mteremko wa nyuma ya jiko, aone kama visigino vinagusa chini. Hakuna sindano, hakuna kisu, na mtoto aliondoka akidhani amekuja kumwamkia babu.

Mambo ya kuchekesha hayakukosekana. Mazoea ya kutoka na kuingia yalimganda mpaka kwenye shughuli za watu. Katika harusi ya mpishi wetu aliingia mara tatu, na Bi Zuhura wa wodi ya wazazi akamwomba hadharani achague moja, kwa sababu bibi harusi amechoka kusimama. Mwaka 1946 Bwana Shamba wa wilaya, mtu mwenye tumbo lake, alitaka kuona mkeka unavyofanya kazi, akaketi mwenyewe. Bwana Sheshe akatoka, akaingia. Bwana Shamba akageuka, akapiga magoti, akapanda mapaja. Niliambiwa niandike hesabu yake, nikaandika ishirini na mbili, na shauri la tabibu likawa apunguze ugali.

Wengi walioletwa hawakuwa na ugonjwa huu, na hilo nalo ni jambo la shukrani. Wengine walikuwa na matege, wengine walipooza mguu mmoja baada ya homa, wengine walikuwa na funza tu na aibu ya kusema. Binti mmoja, Salma, alitangazwa na ukoo mzima kwamba amerogwa asitembee. Bwana Sheshe alimpa mafuta ya samaki na kuagiza aanikwe juani kila asubuhi kama mahindi. Sasa ana watoto watatu na kila msimu huleta kapu la viazi, ambalo Bwana Sheshe huligawa kabla halijafika chini.

Wenye ugonjwa wenyewe, katika miaka yote hiyo, ni kumi na tisa. Wote wamo kwenye daftari langu.

Lipo jambo moja zaidi ambalo halikuandikwa kwa maneno. Bi Mwamvita alikuja kumweleza Bwana Sheshe, baada ya mambo kuharibika, kwamba kaka zake wawili walikufa wadogo hivyohivyo, na hakuna aliyemwuliza. Ugonjwa huu hupita kwa mama na huwashika watoto wa kiume. Kwa hiyo Bwana Sheshe alimwuliza kila mama habari za wajomba wa mtoto, lakini alimwuliza peke yake, mume akiwa amekwenda kuchota maji ya dawa ambayo hayakuhitajika. Alijua fika kwamba mume na mama mkwe wakisikia, mwanamke atarudishwa kwao kwa kosa ambalo si lake. Jibu likiwa ndiyo, aliniambia nitie nukta ndogo pembeni mwa jina la mtoto. Nukta tu.

Sasa nifike kwangu. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa miaka kumi na miwili, "huinuka kwa kupanda mapaja yake". Nilikuwa nayajua maneno hayo kama Baba Yetu. Na nyumbani nilikuwa na mtoto wa miaka mitano, Damiani, ambaye nilimpandisha juu ya meza wageni wakija ili waone vigimbi vyake. Mke wangu Secilia alikuwa akisema mtoto anachoka mapema. Nilimjibu kwamba anamdekeza. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini kinyozi angalau anajua kwamba nywele zimeota.

Pasaka ya mwaka 1950 nilimwalika Bwana Sheshe kula nasi. Aliingia, watoto wakainuka. Akatoka, akasema amesahau mwavuli. Akaingia. Akatoka tena kuangalia kama mvua imeanza. Mimi nilikuwa nacheka, namweleza Secilia kwamba mzee ameanza kusahau. Alipoingia mara ya tatu alimpokea Damiani mkono, akaushika kwa muda, kisha akaketi. Secilia alimwambia, "Mzee, chakula hujagusa." Akajibu kwamba tumbo si zuri siku hizo. Akala matonge mawili kwa heshima ya nyumba, akaaga.

Jumanne tulipofungua ofisi aliniomba nifungue daftari. "Andika, bwana karani," alisema. Nikachovya kalamu. Mtoto wa kiume, miaka mitano. Vigimbi vinene, vigumu. Visigino havigusi chini akipanda mlima. Huinuka kwa kupanda mapaja yake, hesabu sita. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Nikauliza jina. Nikanyanyua macho nikamwona analia, na hapo nikajua jina la kuandika.

Sikumshukuru. Nilimchukia kwa wiki nzima, na ninaliandika hilo hapa mbele ya kamati.

Daktari mkuu mpya wakati huo alikuwa kijana mwenye haraka. Alipoona daftari alisema macho ya dresa si ushahidi, akaagiza Damiani apelekwe pwani akakatwe. Barua ya safari niliandika mimi mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba kisu kitasema Bwana Sheshe amekosea. Bwana Sheshe aliichukua barua juu ya meza, akaikunja, akaingia nayo kwa daktari. Mlango ulikuwa wazi. "Bwana," alimwambia, "jibu la kisu nimekwisha kulipata mkekani. Ukimlaza mtoto huyu, miguu yake hutaweza kumrudishia."

Daktari alimkumbusha kwamba dresa hamfundishi daktari. Bwana Sheshe alikubali kwamba ni kweli, kisha akatandika mkeka ofisini kwa daktari. Aliketisha watoto wanane wa wafanyakazi, Damiani kati yao, akamwomba daktari atoke, aingie, na aseme mwenyewe ni yupi. Sijui ilikuwaje mtu yule akakubali. Alitoka. Aliingia. Watoto saba walisimama na kumwamkia. Wa nane alikuwa bado yuko njiani, mikono juu ya mapaja, anatabasamu, maana aliona ni mchezo. Daktari alimtazama mpaka alipomaliza kusimama. Kisha aliichana barua.

Lakini pia aliandika barua nyingine, kwamba dresa Sheshe Suleimani amekaidi amri mbele ya wafanyakazi. Cheo cha mganga msaidizi, ambacho alikuwa amekingoja miaka sita, kilifutwa, na mwezi Julai alihamishiwa Muheza. Alikaa huko miaka miwili na zaidi, kwenye joto na mbu, mtu aliyezoea ukungu, na hakupata cheo hicho tena. Leo anastaafu na cheo kilekile cha mwaka 1931. Wale wanaouliza kwa nini, jibu ni hilo.

Kutoka Muheza aliniandikia kila mwezi. Barua zake zilikuwa na salamu, bei ya machungwa, na swali moja: hesabu ya kuinuka ni ngapi? Nilimjibu. Saba. Saba. Tisa. Alinifundisha kwa barua jinsi ya kunyoosha visigino vya mtoto asubuhi na jioni, na kwamba nisimwache alale kitandani hata akiwa na mafua. Mtembezeni, aliandika, mtembezeni hata hatua kumi. Tukamtembeza.

Damiani alitembea baada ya Pasaka ile kwa miaka minne na miezi miwili. Alikwenda shule ya misheni kwa miguu yake mpaka darasa la tatu. Alipanda altareni kupokea Komunyo ya kwanza, polepole, kanisa zima likimngoja, na padri naye akamngoja. Alikwenda gulioni Soni na mama yake akarudi na kabichi kichwani, akaanguka nayo mara mbili, akaiokota mara mbili. Mwezi Juni 1954 hesabu ilifika thelathini na moja, na wiki iliyofuata hakuinuka. Bwana Sheshe alikuwa amekwisha kurudi kutoka Muheza. Alikuja nyumbani, akaketi sakafuni kando yake, wakacheza bao mpaka nikamsikia Damiani anacheka kwa sababu amemfunga babu.

Alifariki Februari mwaka huu kwa kichomi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Kifua nacho ni misuli.

Baada ya mazishi nilifungua daftari, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa ukurasa ule tangu niuandike. Pembeni mwa jina la Damiani kuna nukta. Si mimi niliyeitia, ni mkono wa Bwana Sheshe. Alikuwa amemwuliza Secilia, Secilia amemjibu, na wote wawili wamenilinda miaka saba nisije nikasikiliza maneno ya ukoo wangu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimeiona. Alinieleza habari za kaka yake, aliyekufa mdogo hivyohivyo.

Wafanyakazi wenzangu, wiki iliyopita Bwana Sheshe alisikia kwamba ni mimi ninayeandika. Alikuja mezani kwangu akaniomba nisimtaje Damiani. Alisema kwamba katika miaka thelathini na moja amewapelekea wazazi kumi na tisa habari mbaya na hakumponya hata mtoto mmoja, na kwamba haifai mtu kusifiwa kwa hilo mbele za watu, tena na baba wa marehemu. Aliongea kwa upole wake uleule. Nimemwandikia kila alichonitamkia tangu mwaka 1938, kwa mkono huu, bila kubadilisha neno. Hili la kutomtaja Damiani ndilo la kwanza nililolikataa.

Bwana Sheshe, kwa niaba ya madaktari, wauguzi, madresa, wapishi na wafagiaji wa hospitali hii, tunakushukuru. Nenda Mlalo kwa amani, maharage yako yazae, na Mungu akupe uzee wenye afya na wajukuu wengi wa kukuamkia. Secilia ameniomba niongeze la kwake, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie mzee, nilimpa mtoto anayetembea, naye akanirudishia mtoto anayetembea."

Paskali Kaniki,
Karani wa daftari la wagonjwa